Mjadala: Shania Twain aliiuza kantri au aliikuza?

MWANZISHA MADA

Wikendi iliyopita tulikuwa safarini kutoka Nakuru kwenda Eldoret, mjomba akiwa usukani. Garini mwake ni Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers, basi. Nikaomba kuweka "You're Still the One" ya Shania Twain. Kiitikio hakijaisha, akasema, "Zima. Huyu ndiye aliyeiuza kantri." Tulibishana mpaka Burnt Forest na, gari likiwa lake, akashinda yeye. Nauleta ubishi hapa asipokuwa na usukani.

Albamu yenyewe ni Come On Over, ya Novemba 1997. Nyimbo 16, zote zimetungwa na Shania pamoja na mumewe wa wakati huo, prodyuza Robert John "Mutt" Lange. Hapo ndipo penye kidonda. Lange alikuwa mtu wa roki, ndiye aliyetengeneza Back in Black ya AC/DC na Hysteria ya Def Leppard. Sikiliza ngoma zinavyopiga na sauti za waitikiaji zilivyorundikwa, utamsikia. Kisha wakafanya jambo ambalo mjomba hasamehi: kwa masoko ya ng'ambo walitoa toleo jingine, nyimbo zile zile zimechanganywa upya, fidla na gita la chuma (steel guitar), vyombo vinavyoitambulisha kantri, vimepunguzwa.

Zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 40 duniani. Ajabu ni kwamba kwenye chati kuu ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, haikuwahi kushika namba 1, iliishia ya 2. Kwenye chati ya kantri ilikaa kileleni wiki 50.

Sasa hoja yangu. Kama kipimo ni fidla, mjomba aanze kwa kumshusha Jim Reeves garini. Mwishoni mwa miaka ya 1950, roki ilipowavuta vijana, maprodyuza wa Nashville, makao ya muziki wa kantri Marekani, kina Chet Atkins na Owen Bradley waliipunguza fidla ya kijijini na gita la chuma, wakaweka okestra na waitikiaji wa sauti laini ili nyimbo zipigwe kwenye redio za pop. Jim Reeves na Patsy Cline waling'aa kwa mtindo huo. "He'll Have to Go" wa Reeves, ambao mjomba huuimba amefumba macho (nyumbani, si barabarani, nashukuru), ulifika namba 2 kwenye chati ya pop ya Marekani mwaka 1960. "You're Still the One" ulifika namba 2 kwenye chati hiyo hiyo mwaka 1998. Mmoja mzee wetu, mwingine msaliti?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Umemkamata mjomba vizuri, ila umeruka kitu. Reeves alikuwa ameshaimba kantri ya fidla miaka kadhaa kabla ya kulainishwa, "Mexican Joe" ni ya 1953. Na alipolainishwa, Mmarekani na Mkenya walisikia wimbo ule ule. Kinachonikera kwa Shania ni sufuria mbili, moja ya wenyeji na moja ya wageni. Mwaka 2002 kwenye albamu yake Up! zikawa tatu: diski nyekundu ya pop, ya kijani ya kantri, ya buluu ya kimataifa. Wimbo ukivuliwa kantri ukabaki vile vile, kantri ilikuwa nguo tu.

MCHANGIAJI WA PILI

Ndugu zangu, mmejaa fidla mpaka mmesahau kuna maneno. Kwenye "Honey, I'm Home" mwanamke amerudi kazini hoi na anataka asuguliwe miguu, apikiwe. "Black Eyes, Blue Tears" ni mke aliyechoka kupigwa. Hiyo ni kantri ya mkongwe Loretta Lynn, ambaye "The Pill" yake ya 1975 ilikataliwa na vituo vingi vya redio kwa kutaja vidonge vya kuzuia mimba. Lakini Nashville ilibishania kitovu cha Shania alichokiacha wazi kuliko alichokuwa akiimba.

Na mizizi mnayoitafuta ni hii: kakulia Timmins, Ontario, huko Kanada, katika umaskini, kaimba kwenye baa tangu utotoni ili nyumbani wapate chochote. Wazazi walikufa kwa ajali ya gari mwaka 1987, akawalea wadogo zake kwa kuimba hotelini. Angekuwa mwanamume wa Texas mngeshamjengea sanamu.

MCHANGIAJI WA TATU

Nawapitisha tu kwenye historia. Mwaka 1974 chama cha kantri, CMA, kilimpa Olivia Newton-John, mwimbaji wa pop kutoka Australia, tuzo ya mwimbaji bora wa kike, wakongwe wakawaka. Mwaka uliofuata Charlie Rich, akitangaza mshindi jukwaani, aliiwasha kiberiti karatasi yenye jina la John Denver, ambaye naye wakongwe walimwona wa pop. Mwaka 1999 CMA hao hao wakampa Shania tuzo yao kuu, mtumbuizaji bora wa mwaka. Sisi wa pwani tumeyaona kwa taarab: kinanda cha umeme kilipoingia, wazee walisema imekufa. Arusi zinaendelea.

MWANZISHA MADA

Kwa sufuria mbili nimebanwa, nakiri. Nimesikiliza matoleo yote mawili ya "From This Moment On" usiku huu, na lile la ng'ambo limekaa kama chai isiyo na tangawizi. Ila dada hapo juu, mchangiaji wa pili, ndiye aliyenigeuza: mimi mwenyewe nilikuwa napima kwa fidla, kosa lile lile la mjomba.

Nimempigia simu nikamsomea habari za Chet Atkins. Kimya. Halafu akauliza, "Kwani huyo Atkins aliambiwa na nani aitoe?" Jumamosi tunarudi Nakuru. Ameniruhusu wimbo mmoja wa Shania, mmoja tu. Niweke upi?