Ruta ya pili nyumbani: niiweke katika modi gani?

Swali
Habari zenu, wanajukwaa. Nyumba yetu ipo Tabata, Dar es Salaam, na kuta zake ni za matofali ya saruji. Faiba imeishia sebuleni, ambako kampuni ya intaneti imefunga kifaa chake kinachotoa waifai, lakini mawimbi hayafiki vizuri vyumba vya nyuma wanakosomea watoto. Nimenunua ruta nyingine yenye modi tatu: ruta, eksesi pointi na ripita. Kwa majaribio nimeiunga kwa waya ikiwa katika modi ya ruta. Intaneti inapatikana, ila simu zilizounganishwa nayo haziioni printa ya sebuleni. Naomba ushauri kabla sijamwita fundi atoboe kuta.

Jibu la 1
Ndugu, tatizo la printa limetokana na modi uliyochagua. Kifaa cha sebuleni kinagawa anwani zake, yaani namba za kutambulisha kila kifaa kwenye mtandao, tuseme zinazoanza na 192.168.1, na ruta yako nayo inagawa zake, huenda za 192.168.0, kisha inavificha vifaa vyote vya nyuma chini ya anwani moja. Kwa hiyo una mitandao miwili ndani ya nyumba moja, na simu inapoitafuta printa, ombi lake haliuvuki mpaka huo. Weka modi ya eksesi pointi: ruta itabaki kurusha waifai tu na itaacha kugawa anwani, kazi hiyo itabaki kwa kifaa cha sebuleni peke yake, na vifaa vyote vitaonana. Unaweza kutumia jina na nywila ileile ya waifai pande zote mbili, lakini kwenye masafa ya gigahezi 2.4 tenganisha chaneli, yaani njia za mawimbi, kwa mfano 1 sebuleni na 6 au 11 nyuma, ili zisiingiliane.

Jibu la 2
Nakubaliana na mwenzangu. Ripita, inayodaka waifai na kuirusha tena bila waya, ningemshauri mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta. Inapopokea na kurusha kwa masafa yaleyale, kasi hushuka hadi nusu hivi, na ukiiweka mahali ambapo mawimbi tayari ni hafifu, itasambaza huo huo udhaifu.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, nikihamia eksesi pointi, nitaweza bado kuwawekea watoto saa za kutumia intaneti kupitia ruta mpya?

Jibu la 3
Hapo ndipo pa kutafakari, kwa sababu ruta nyingi huzima vipengele hivyo zikiwa katika modi ya eksesi pointi. Angalia kwanza kama kifaa cha sebuleni kinavyo. Kama hakina, nawe unalijali sana jambo hili kama ninavyolijali mimi, iombe kampuni ikiweke kifaa chake katika modi ya daraja, yaani kipitishe intaneti tu bila kugawa anwani, kisha ruta yako ikae sebuleni katika modi ya ruta, iongoze nyumba nzima. Kwa kuwa kifaa cha kampuni kwa kawaida huacha kutoa waifai katika hali hiyo, vyumba vya nyuma vitahitaji eksesi pointi ya kwao, na hiyo ni gharama nyingine. Njia zote mbili zinahitaji waya, hivyo fundi mwite tu, ila usikubali waya wa alumini iliyopakwa shaba. Dai wa shaba tupu, na usizidi mita 100.