Kutoka Mwanza hadi Lushoto kwa gari la kulala: tupite Serengeti au Singida?

Mstaafu wa Nyegezi
Ndugu zangu, mimi na mke wangu tumestaafu ualimu, na mwezi Juni tunakusudia kurudi kwenye milima tuliyoizuru tukiwa vijana: kwanza ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kisha Lushoto, ambako tulipumzika baada ya harusi yetu mwaka 1986. Wakati ule tulisafiri kwa basi, tena kwa kuunganisha. Sasa tuna Toyota Hiace tuliyoitoa viti vya nyuma, tukaweka kitanda, jiko dogo la gesi na dumu mbili za maji. Mwenzangu anataka tuingie lango la Ndabaka na kuivuka Serengeti. Mimi naona ni heri lami ya Shinyanga, Nzega, Singida na Babati. Naomba ushauri wa waliopita njia zote mbili.

Dereva wa Buhongwa
Shikamoo, mzee wangu. Kwa Hiace nakushauri Singida bila kusita. Ndani ya hifadhi barabara ni ya changarawe, na kutoka Seronera kuelekea Naabi ina mikunjo kama bati, ambayo hulegeza kila kilichofungwa kwa skrubu, kikiwemo kitanda chako. Isitoshe, utalipia hifadhi mbili, Serengeti na Ngorongoro, na kibali huhesabiwa kwa saa, kwa hiyo pancha moja yaweza kukugharimu siku nyingine nzima. Njia ya Singida ni ndefu zaidi, lakini utaupita mlima Hanang wenye mita 3,420 ukiwa juu ya lami, na ukifika Makuyuni unakata kushoto kwenda Mto wa Mbu na Karatu, lami hadi lango la Ngorongoro. Ukingoni mtafika vilevile.

Mama wa Kirumba
Dereva amesema kweli kuhusu barabara, ila nadhani amempunja mama haki yake. Mwezi Juni nyumbu huwa kwenye ukanda wa magharibi wa Serengeti, upande huohuo wa Ndabaka, na mtu aliyeishi Mwanza miaka yote hii hapaswi kustaafu bila kuwaona. Mimi na mume wangu tulivuka kwa Land Cruiser na sijutii hata kidogo. Kilichotushinda ni baridi ya ukingoni, takribani mita 2,300 juu ya usawa wa bahari: tulilala garini na blanketi moja, na alfajiri vioo vilikuwa vinachuruzika maji kwa ndani, mto wa kulalia umelowa upande wa dirisha. Sisi watu wa ziwani hatuijui baridi ile.

Fundi wa Igoma
Kabla ya kuchagua njia, kagueni breki. Kutoka Lushoto kushuka hadi Mombo ni kilomita zipatazo 33 za kona nyembamba, na mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu hunyonya unyevu, yakachemka mapema breki zikipata moto, pedali ikazama hadi chini. Badilisheni mafuta hayo na mshuke kwa gia ya pili. Baridi ikizidi, tafadhali msiwashe jiko la gesi madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa yake huua mtu akiwa usingizini.

Mstaafu wa Nyegezi
Nawashukuru sana. Mke wangu amesoma majibu yote na tumepatana. Kwa kuwa Ndabaka iko takribani kilomita 140 tu kutoka hapa, tutakwenda kuwaona nyumbu kwa siku moja na kurudi nyumbani, bila kuvuka hifadhi. Wiki inayofuata tutashika njia ya Singida na kupanda Ngorongoro kutokea Karatu. Limebaki jambo moja: nyumba tuliyofikia mwaka 1986 ilikuwa juu kidogo ya Soni, kando ya bustani za plamu. Kama yupo anayefahamu mahali salama pa kuegesha na kulala maeneo hayo, tafadhali atuelekeze.