Mfadhili ana uhuru wa kutoa. Je, ana uhuru wa kuondoka?

Mtoa mada, Langoni
Dikoni kwetu Lamu, Kenya, samaki wanaposhushwa, pana friza kubwa iliyoletwa na mfadhili mmoja wa nje. Leo ni kabati la nyavu. Mlango haushiki, umefungwa kwa kamba ya makumbi. Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokatika ni pesa za umeme na fundi, bodi ya mfadhili ilipoamua kugeukia mambo mengine. Tukaletewa barua ya aya mbili.

Najua pesa ni zake, na hana mpiga kura wa kumwogopa. Lakini wazee wetu walitoa kwa namna nyingine. Mtu akishaliweka shamba la minazi wakfu kwa msikiti, halirudishi tena, na mapato yake ndiyo yanayotengeneza paa. Alijifunga mwenyewe kwa hiari yake. Mfadhili wa leo anashindwa nini kujifunga, japo miaka mitano?

Mwalimu, Mkomani
Ndugu yangu, ukimbana sana utamkosa siku ya shida. Kumbuka mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa hapa Lamu. Serikali iliutaka, na kesi ikachukua zaidi ya miaka miwili hadi mahakama maalumu ya mazingira ilipofuta leseni yake tarehe 26 Juni 2019. Kesi kama ile haigharimiwi na mtu anayemwogopa waziri. Na ukitegemea serikali iwasimamie wafadhili, tazama sheria ya mashirika ya manufaa ya umma: ilipitishwa 2013, ikaanza kutumika 14 Mei 2024!

Mtoa mada
Mwalimu, serikali isimpangie, hapo tuko pamoja. Ila pesa zile si zake peke yake. Marekani, wakfu wa familia, yaani shirika la misaada linaloendeshwa kwa mali ya familia, husamehewa kodi, na sheria huudai utoe takriban 5% ya mali yake kila mwaka. Haiuambii umpe nani. Uhuru upo, na deni lipo, kwa sababu kodi ile iliyosamehewa ilikuwa ya umma. Nasi twaomba aje barazani mapema, atuambie pesa zitakoma lini, tuanze kuweka akiba ya fundi.

Mama muuza samaki, Shela
Wanangu, friza ilipokuwa ikifanya kazi, samaki wangu wa jioni, changu, hakushuka bei. Sasa ikifika alasiri nauza kwa hasara au wananiozea. Hakuna aliyeniuliza kitu ilipoletwa, wala ilipoachwa. Wangeniuliza, ningewaambia walete ndogo, ambayo umeme wake tungeweza kuulipa wenyewe.