Mjadala: Mwanamichezo akiharibikiwa na kifaa katikati ya shindano, apewe muda wa kukitengeneza?

Mleta mada (Njiro, Arusha)

Ndugu wanajamvi, naomba tulijadili kwa utulivu jambo lililozua mabishano makali baada ya mbio za baiskeli za vijana zilizofanyika hivi karibuni upande wa Kisongo. Kijana aliyekuwa katika kundi la mbele alikatikiwa cheni kwenye mzunguko wa pili. Msimamizi mmoja alimruhusu aazime baiskeli ya mwenzake aliyekwisha kujitoa, mwingine akaja kumzuia akisema kwamba kila mshindani humaliza na chombo alichoanza nacho, na wakati wakubwa hao wakivutana, kijana alikuwa amechuchumaa kando ya lami, mikono myeusi kwa grisi, akigonga pini ya cheni kwa jiwe ili irudi mahali pake. Matokeo yake hayakuandikwa kabisa. Karatasi ya kanuni haikuwa na sentensi hata moja kuhusu chombo kuharibika.

Swali langu ni hili: mwanamichezo akiharibikiwa na kifaa, bila kuumia na bila kuangushwa na mtu, je, kanuni imsaidie kuendelea, au iseme kwamba kifaa ni sehemu ya maandalizi yake na hasara ni yake?

Mfano ninautoa katika mchezo ambao huku kwetu hauchezwi, nao ni kuteleza kwenye barafu kwa mitindo, ambako mshindani huruka na kuzunguka kwa kufuata muziki akiwa amevaa buti lililofungwa ubapa wa chuma chini ya soli. Kamba ya buti hilo ikikatika, kifundo cha mguu hakina tena kinachokishika, na hakuna binadamu atakayezunguka mara tatu hewani kisha akatua salama kwa mguu mmoja katika hali hiyo. Tarehe 25 Februari 1994, katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Lillehammer, Tonya Harding wa Marekani aliingia ulingoni zikiwa zimebaki sekunde chache aondolewe kwa kuchelewa, akaanza programu yake ndefu, yaani onyesho la pili linalofuata programu fupi, akaharibu mruko wa kwanza, kisha akawaendea waamuzi huku akilia, akapandisha mguu ili waione kamba. Aliruhusiwa kutoka, kutafuta kamba nyingine, na kurudi baadaye kucheza upya kuanzia mwanzo. Alimaliza wa 8. Josée Chouinard wa Kanada, aliyemfuata kwenye orodha, alilazimika kuingia kabla ya wakati aliojiandalia, naye akamaliza wa 9.

Katika kisa hicho sipingi huruma. Ninachopinga ni kwamba jambo zima lilitegemea busara ya papo kwa papo, tena katika majuma ambayo watu walikuwa wamegawanyika vibaya juu ya Harding, kwa kuwa mwenzake Nancy Kerrigan alikuwa amepigwa mguuni Januari ya mwaka huohuo na watu wa karibu wa Harding walihusika. Waliomchukia waliona kamba ile ni maigizo, na waliompenda waliona anaonewa hata kwa kuulizwa. Uamuzi unaopatikana kwa njia hiyo hauaminiki hata ukiwa wa haki.

Kanuni za mchezo huo za miaka ya karibuni zimeliweka jambo hili wazi. Mshindani anayesimama kwa sababu ya kifaa chake ana sekunde 40 za kwenda kwa mwamuzi mkuu. Akifika, hupewa hadi dakika tatu za kujirekebisha, huendelea kuanzia pale alipokatiza, na hukatwa alama 5. Kama tatizo halikutokana naye wala na kifaa chake, kwa mfano muziki umekatika au taa zimezimika, hakatwi kitu. Msimamo wangu ni kwamba wasimamizi wa michezo ya vijana hapa Arusha na Moshi waandike kifungu cha namna hiyo: muda utolewe, uwe mfupi, uwe na bei, na bei hiyo ijulikane kabla filimbi haijapigwa.

Mchangiaji wa kwanza, mwalimu wa michezo (Moshi)

Ndugu yangu mleta mada, umeieleza hoja yako vizuri, lakini mimi siikubali, na nitatumia mchezo wako huohuo wa barafu kuipinga. Katika Olimpiki ya Vancouver ya mwaka 2010, Nobunari Oda wa Japani alikuwa wa 4 baada ya programu fupi, na katikati ya programu ndefu kamba ya kiatu chake ikakatika. Akapewa muda, akafunga, akaendelea, akamaliza wa 7. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba kamba ile ilikwishakatika kabla ya shindano, akaiunga kwa fundo kwa sababu hakutaka mkao wa kiatu ubadilike. Sasa niambie, muda ule ulikuwa fidia ya ajali au ya uamuzi mbaya? Alijua, akabahatisha, na kanuni ikamfuata nyuma kumwokoa.

Yapo mashindano yasiyojua kitu kama hicho. Mwaka 2008 mjini Beijing, miwani ya kuogelea ya Michael Phelps iliingia maji katika fainali ya mita 200 za mtindo wa kipepeo. Hakuna aliyesimamisha mbio, akaogelea bila kuona vizuri, akashinda kwa rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 52.03. Jirani yetu Eliud Kipchoge alikimbia Berlin mwaka 2015 soli za ndani za viatu vyake zikiwa zimechomoza na kupigapiga visigino kwa kilomita nyingi, akashinda kwa saa 2:04:00. Nawafundisha watoto wangu kukagua vifaa usiku wa kuamkia shindano, na siku watakapojua kwamba kuna dakika tatu mfukoni, hawatakagua tena.

Mchangiaji wa pili, fundi baiskeli (Ngarenaro, Arusha)

Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, nitajibu lile la uzembe, kwa kuwa cheni zilizokatika ndizo kazi yangu ya kila siku.

Chuma kilichokatika huonyesha kilivyokatika. Bamba la cheni lililokuwa na ufa wa zamani huwa na sehemu nyeusi au yenye kutu ndani ya mkato, kwa sababu hewa na maji vimekuwa vikiingia humo muda mrefu, na ni sehemu ndogo tu ya mwisho inayong'aa, ile iliyoachia siku hiyo. Bamba lililokatika kwa mzigo wa ghafla, kwa mfano mtu amebadilisha gia huku akikanyaga kwa nguvu zote mlimani, hung'aa mkato wote na mara nyingi huwa limepinda. Mwamuzi akiwa na fundi mmoja pembeni, kazi ya kutofautisha mzembe na mwenye bahati mbaya huwa ya dakika moja. Hata hivyo, nakiri kwamba kwa kamba ya kiatu au tairi lililochanika upande, ushahidi hauwi wazi kiasi hicho.

Mchangiaji wa tatu, mkimbiaji (Moshi)

Wengi wetu tunaokimbia hapa Moshi viatu vyetu vya kwanza tulivitoa Memorial, kwenye mitumba. Kiatu cha aina hiyo unaweza kukikagua usiku kucha, ukakiona kizima, na gundi ikaachia kilomita ya kumi na tano kwa sababu ilikauka miaka mingi kabla hujakinunua. Kwa hiyo mwalimu anapozungumzia maandalizi, namwomba akumbuke kwamba kuna mtoto ambaye maandalizi yake yote ni kile kiatu kimoja. Lakini hata bei anayoipendekeza mleta mada inanitia shaka, kwa kuwa mwenye kifaa kipya hataitozwa karibu kamwe, na mwenye mtumba ataitozwa kila mara.

Kuna jingine ambalo naona limechanganywa. Mteleza kwenye barafu hapimwi kwa saa. Programu ndefu ni ya dakika nne hivi, na mtu akipumzika dakika tatu katikati yake anarudi na pumzi mpya ambayo wenzake hawakuipata. Bila kukatwa alama, kuharibikiwa kungekuwa faida. Mbio ni tofauti, kwa sababu ukisimama kuunga cheni wenzako wanakwenda, na adhabu umeshaipata bila mtu kuiandika. Kukukata tena dakika ni kukutoza mara mbili.

Mchangiaji wa nne (Tengeru)

Naona tumemsahau mzee wetu John Stephen Akhwari, ambaye mwaka 1968 kule Mexico City alimaliza marathoni goti likiwa limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Hakuomba muda.

Mleta mada

Mchangiaji wa Tengeru, Akhwari tunamheshimu sote, ila yeye aliumia mwilini, na jeraha lina kanuni zake na daktari wake. Tubaki kwenye vifaa.

Dada yangu mkimbiaji, hoja yako ya saa imenibadilisha kwa sehemu. Kwenye mbio, basi, saa isisimame na adhabu isiongezwe. Kifungu kiseme tu kwamba mshindani anaruhusiwa kutengeneza au kubadilisha kifaa bila kuondolewa, ilimradi asikate njia. Alama zibaki kwa michezo inayotolewa maksi na waamuzi, kama sarakasi. Waendesha baiskeli wa Tour de France wana kanuni inayofanana na wazo hilo kwa upande mwingine: katika hatua za tambarare, anayepata pancha au hitilafu ndani ya kilomita chache za mwisho hupewa muda wa kundi alilokuwa nalo, ingawa nafasi yake ya kumaliza hairudishwi.

Mwalimu, kuhusu Oda, naona kanuni haikumwokoa. Alishuka kutoka wa 4 hadi wa 7. Daisuke Takahashi naye alikwenda Moscow mwaka 2011 kutetea ubingwa wa dunia, skrubu ya ubapa wake ikaachia kwenye mruko wa kwanza, akapewa muda wa kuirekebisha, na akaishia wa 5. Sijaona mtu anayeweza kuutazama mtiririko huo wa matokeo akaamua kuacha kukagua viatu vyake. Na mfano wa Phelps unatufundisha kidogo tu, kwa sababu tunamkumbuka kwa kuwa alishinda. Waogeleaji ambao miwani iliwaharibikia wakamaliza wa mwisho hatuwatolei mifano.

Mwalimu wa michezo (Moshi)

Marahaba, fundi. Hoja ya mkato wa cheni naichukua, na nitawaonyesha vijana wangu.

Mleta mada, kutengeneza huku saa ikitembea sina ugomvi nako. Ila neno "kubadilisha" ulilolipenyeza ndilo siafikiani nalo hata kidogo. Huko kwenye barafu Harding alitafuta kamba na Takahashi alikaza skrubu. Hakuna aliyepewa buti la mtu mwingine. Mtoto wa Kisongo angeazima baiskeli, na kama ile ya kuazima ingekuwa nyepesi kuliko yake, yenye gia nzuri zaidi, angemaliza mbele ya mwenzake aliyevumilia chombo kizito tangu mwanzo. Mzazi wa huyo aliyevumilia ungemjibu nini? Mkiandika kwamba atakayebadilisha chombo amalize na muda wake usomwe, lakini asipewe medali, nitasaini. Mkiandika vinginevyo, timu yangu itakuja na baiskeli mbili kwa kila mtoto, ile nzuri ikisubiri kando ya barabara, na hamtakuwa na kifungu cha kunizuia.