Kesi ya injini ya pikipiki ikipasuka, uliiokoaje? Tupeane uzoefu

Mwenye uzi
Wakuu, salaam. Cheni imekatika nikiwa kwenye makorongo, ikajikunja pale kwenye sproketi ya mbele na kung'oa kipande cha kesi upande wa kushoto. Tundu linaingiza ncha ya kidole, oili yote chini. Fundi wa kwanza anataka ninunue kesi nzima. Ninachohofia ni usumbufu: namba ya injini imegongwa kwenye kesi hiyo hiyo na ndiyo iliyo kwenye kadi. Waliowahi kuziba wenyewe nyumbani, mlitumia nini na kimedumu?

Boda wa Kihonda
Mimi gundi ya chuma, ile ya mirija miwili unachanganya. Jiwe lilipasua kava la magneto (kifaa cha kuzalisha umeme wa injini), ufa wa urefu wa njiti ya kiberiti. Nilitoboa kitundu kidogo kwenye kila ncha ya ufa kwa drili ya milimita 2, la sivyo unaendelea kutambaa chini ya gundi. Nikauchonga uwe na mfereji, nikapiga msasa mkavu mpaka aluminiamu ikang'aa, nikaosha kwa asetoni. Gundi ndani na nje, nikaiacha hadi kesho yake jioni. Haijavuja tena. Ila nasema kava jamani. Kava halibebi mzigo, linazuia oili tu.

Fundi Agoni
Boda umenena. Watu huilaumu gundi kwamba imeshindwa na joto, wakati nyingi za aina hiyo zinavumilia nyuzi 200 na kitu za Selsiasi, ambazo oili ya pikipiki haifiki. Inayoibandua ni oili iliyobaki. Aluminiamu ya kumimina ina vinyweleo, imekunywa oili miaka yote. Unaisugua inang'aa, ukiipasha moto linatoka jasho jeusi. Mimi napasha, nafuta, napasha tena, mpaka kitambaa kirudi cheupe. Hapo ndipo nawasha mashine ya kuchomelea.

Tena mashine ya gesi ya agoni, gesi inayokinga hewa isiguse kazi, sio ile ya kuchomelea mageti. Juu ya aluminiamu kuna ngozi ya oksaidi inayoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, wakati aluminiamu yenyewe inayeyuka kwenye 660, na hizi za kesi hata chini ya hapo. Anayechomelea kwa moto wa mtungi wa kawaida anasubiri iwe nyekundu kama chuma. Haiwi. Unaiona iko vilevile, ghafla imedondoka miguuni.

Jambo jingine: dawa ya kupuliza ya kusafishia breki isikaribie kazi ya kuchomelea. Zile zenye klorini zikikutana na moto hutoa fosjini, gesi inayoharibu mapafu.

Dada wa Makambako
Langu dogo: tundu la nati ya kumwagia oili lilikwisha meno. Nilitoboa kubwa kidogo, nikapiga tepu (chuma cha kuchongea meno) saizi inayofuata, nikaweka nati mpya na washa ya shaba. Ile tepu niliipaka grisi ishike vumbi la kuchonga, na kabla ya kufunga nikamwagia oili chafu kidogo isafishe tundu. Mwenye uzi, vipande vyako vilivyoingia ndani umevitoa? Usitegemee sumaku, haikamati aluminiamu.

Mwenye uzi
Asante dada. Nimefungua kava la klachi, nimepata vijipande viwili, na chujio nimelisafisha. Fundi Agoni, tundu liko nyuma kabisa ya sproketi. Gundi itatosha?

Fundi Agoni
Inategemea ufa umeishia wapi. Nyuma ya sproketi kuna kiti cha beringi ya shafti, na cheni inaivuta muda wote. Ufa ukifika kwenye kile kiti, sahau gundi, na hata kuchomelea mimi nasita, maana joto likikipindisha beringi haikai sawa tena. Usipofika, tunachomelea kesi ikiwa tupu, nusu zote mbili zimefungwa boliti ili isijipinde. Baadaye uso unaokaa gasketi tunaupima juu ya kioo kama umenyooka.

Mwenye uzi
Nimesafisha na kumulika kwa tochi. Umeishia kabla ya kiti, kama nusu sentimita. Kipande kilichong'oka nilikiokota, ninacho.

Fundi Agoni
Kilete pamoja na kesi. Usikisugue kingo mkuu, nataka kwanza nione kinavyokaa.