Mjadala: Falsafa ya utafiti kwenye tasnifu za elimu ni msingi, au pambo la sura ya tatu?

Mleta mada:
Wakuu, naweka hoja mezani, mwenye la kupinga apinge. Tasnifu nyingi za uzamili wa elimu zina aya mbili za falsafa ya utafiti, yaani imani ya mtafiti kuhusu ukweli na namna ya kuujua, kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu, na aya hizo ndizo huandikwa mwisho. Mwanafunzi keshagawa madodoso, keshaingiza majibu kwenye SPSS, programu ya takwimu, ndipo anauliza kwenye grupu la WhatsApp: "Jamani, hivi mimi ni pozitivisti au pragmatisti?" (Pozitivisti huamini ukweli unapimika kwa namba; pragmatisti huchukua njia yoyote inayofaa swali lake.) Anajibiwa: "Andika pragmatisti, hawatakusumbua." Imeisha hiyo.

Nasema falsafa haisubiri utangazwe. Inaingia siku unapochagua swali. Ukiamini kujifunza ni kitu kinachopimika vilevile bila kujali nani kashika rula, utatafuta alama. Ukiamini kufaulu na kufeli ni mambo yanayopewa maana na mwalimu, mzazi na mtoto mwenyewe, utakaa nyuma ya darasa usikilize. Kila njia ina upande isiouona, na mtafiti anatakiwa aujue kabla hajapanda basi kwenda kukusanya data.

Chukueni Busia, magharibi mwa Kenya. Miaka ya 1990 mchumi Michael Kremer na wenzake walifanya jaribio la vitabu vya kiada kwenye shule 100 za msingi. Shule 25 zilizopatikana kwa bahati nasibu zilipewa vitabu mwanzoni mwa 1996, nyingine zikasubiri zamu. Nani asingetegemea alama zipande? Wastani haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza kwenye mitihani ya kabla ya mradi. Watafiti wenyewe walieleza kwamba vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa kule, na wengi hawakuweza kuvisoma. Sasa niambieni: namba ilisema "haikupanda", lakini jibu la "kwa nini" limetoka wapi kama si kwa kujua mtoto anaongea nini nyumbani?

Mdau wa takwimu:
Mkuu, hapo umejifunga goli mwenyewe. Kilichoonyesha kuwa vitabu viliwafaa vinara tu ni namba, tena namba zilizopangwa vizuri. Na hukohuko Kenya kuna jaribio la chati za kufundishia ambalo hukulitaja. Kwa kulinganisha kawaida, shule zenye chati zilionekana kufaulu zaidi kuliko zisizo nazo. Zikachukuliwa shule 178, nusu yake zikapewa chati kwa bahati nasibu. Tofauti ikayeyuka. Shule iliyojinunulia chati mara nyingi ina mengine pia, mathalani mwalimu mkuu mchapakazi au wazazi wanaochangia. Ungewahoji walimu wangeweza kukuambia chati zinasaidia, na wangesema kwa moyo mweupe kabisa. Ni kwa majaribio ya aina hii 2019 Kremer na wachumi wenzake, Banerjee na Duflo, walipewa Nobel ya uchumi. Ukaaji wa nyuma ya darasa ni mzuri, ila serikali hainunui vifaa kwa hisia.

Mwalimu wa sekondari:
Ngojeni na sisi tunaofanyiwa utafiti tuseme. Dodoso linaletwa kidato cha pili, kwa Kiingereza: "Mwalimu wangu hutumia mbinu shirikishi", chagua kuanzia "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa". Mwalimu wa zamu kasimama mlangoni, kengele ya uji inakaribia. Mtoto anashuka na safu moja ya vema kutoka swali la kwanza mpaka la arobaini. Baadaye nasoma asilimia zenye desimali mbili. Mdau wa takwimu, hizo nazo ni namba!

Mdau wa elimu ya watu wazima:
Nyote mmeruka swali la nani katunga swali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Budd Hall alikuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, Dar es Salaam, na Marja-Liisa Swantz alikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko ndiko utafiti shirikishi ulikopata nguvu, kipindi ambacho sera ya Nyerere ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilikuwa bado moto, na mradi wa utafiti shirikishi wa Jipemoyo ukafuata Bagamoyo. Msimamo wao ulikuwa kwamba mwanakijiji ni mtafiti mwenza, si chanzo cha data tu. Leo wanafunzi wetu wanausoma kama kitu kilichotoka Ulaya, inachekesha kidogo.

Mleta mada:
Mdau wa takwimu, ya chati naipokea, na inanisaidia: waliofanya lile jaribio walijua walichoamini kuhusu sababu na matokeo, wakapanga kazi kufuata imani hiyo. Mwenye dodoso la kengele ya uji hakupanga chochote, alirithi fomu ya mwenzake wa mwaka jana. Napendekeza aya zile mbili zifutwe. Siku ya utetezi mtahini aulize: "Ni jambo gani kuhusu hawa wanafunzi ambalo njia yako haiwezi kulijua?" Asiye na jibu arudi.

Mdau wa takwimu:
Nakubali swali libaki, hata kwetu sisi. Ila msimamizi mwenye wanafunzi kibao na mwanafunzi anayejilipia ada, nani kati yao atakubali kurudi?