Ushauri: ruzuku ya afya ya akili ya vijana, Lamu. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa

Mwana_wa_Langoni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Tuna kikundi cha vijana hapa Amu, watu kumi na wawili, cheti cha usajili tunacho. Kuna mfadhili wa Uingereza anatoa ruzuku ya kuwawahi vijana kabla msongo haujawa maradhi. Nimekwama kwenye bajeti. Gharama za ofisi niweke asilimia ngapi? Na boti za kwenda Faza, kisiwani Pate, zitakubalika? Takwimu za mwanzo tunazo, hilo lisiwasumbue.

Mhasibu_Mokowe
Asilimia imo ndani ya mwongozo wa mwombaji, usikisie. Boti inakubalika ukiichambua: safari ngapi, lita ngapi kila safari, bei ya lita, ujira wa nahodha. "Usafiri" tupu na jumla kubwa mbele yake ndicho wanachokata kwanza. Maji yakipwa mkondo wa Mkanda haupitiki, kwa hiyo weka malazi ya watu wawili, na safari za akiba kwa Juni na Julai kusi likivuma. Pauni uibadilishe kwa bei ya siku moja na tarehe uiandike. Halafu angalia saa ya mwisho ya kutuma: saa sita usiku ya London kwenu ni saa nane au tisa, kulingana na majira yao.

Bi_Mkomani
Wanangu, ugonjwa ni simu. Warudisheni chuoni wakasome Qurani, hiyo ruzuku hamtaihitaji.

Mtu_wa_Shela
Bi mkubwa, basi tuombe pesa za kabati la kufungia simu. Kufuli tuitie kwenye gharama za ofisi 😂

Muuguzi_wa_Zamu
Mimi nimekwama kwenye hizo takwimu. Zimetoka wapi?

Mwana_wa_Langoni
Shuleni, Faza. Fomu ya PHQ-9, ile ya kupima dalili za sonona.

Muuguzi_wa_Zamu
Wangapi, umri gani, na wazazi wangapi walitia sahihi?

Mwana_wa_Langoni
Kidato cha pili, 60. Mwalimu mkuu aliridhia. Majina hatukuandika, ni namba tu. Mbona wengine hufanya hivyo hivyo? Na matokeo yanatisha, kuna mmoja ana 29! Mfadhili akiona hiyo hawezi kutunyima. Tena tushachagua mpango wa EASE, ule wa WHO wa kuwafundisha vijana wadogo kukabili hisia, mafunzo tumelipia nusu.

Muuguzi_wa_Zamu
Ruhusa ya mwalimu mkuu inakufungulia geti tu. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi, na yeye mwenyewe akubali. Ukiuita utafiti, kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, hutangulia, havifuati nyuma. EASE ni ya miaka 10 hadi 15: vikao 7 vya watoto, 3 vya wazazi. Kidato cha pili wengi wanakaribia kuuvuka umri huo, au wameshauvuka. Soma mpango wa Shamiri, umetengenezwa hapa Kenya kwa ajili ya sekondari, vikao vinne vya saa moja.

Kipepeo_Mweusi
Ngojeni kwanza. PHQ-9 ina maswali tisa, kila moja 0 hadi 3. Tisa mara tatu ni 27. Huyo wa 29 kazaliwa wapi? Hadithi imetungwa hii. Jamaa anataka tumwandikie andiko bure.

Mtu_wa_Shela
Kazaliwa Ijumaa saa sita usiku, saa za London.

Bi_Mkomani
Nilijua tu.

Mwana_wa_Langoni
Wallahi si uongo, fomu ninayo mkononi. Tumejumlisha yote kumi.

Muuguzi_wa_Zamu
Ndipo mlipoharibu. Lile la mwisho, linalouliza matatizo haya yamekutatiza kiasi gani, halijumlishwi. Kila mtoto mmemwongezea hadi alama 3. Mwenye 8, ambayo ni dalili hafifu, anasomeka 11, dalili za wastani. Jedwali zima lirudiwe.

Lakini nirudi kwa huyo wa 29. Hata ukitoa 3, alama za juu kabisa za swali la kumi, zinabaki 26 kati ya 27. Hapo amepungukiwa alama moja tu. Kwa hiyo swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, amejibu 2 au 3: zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku. Fomu ilijazwa lini?

Mwana_wa_Langoni
Wiki tatu sasa.

Muuguzi_wa_Zamu
Nani amezungumza naye?

Mwana_wa_Langoni
Tulikuwa tunasubiri ruzuku tuajiri mshauri.

Muuguzi_wa_Zamu
Orodha ya namba na majina anayo nani?

Mwana_wa_Langoni
Mwalimu wa darasa.

Muuguzi_wa_Zamu
Mpigie sasa hivi, andiko liweke kando. Amwite faraghani, jina lisitajwe mbele ya wenzake. Amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Asiachwe peke yake. Mzazi aitwe na leo hii aonwe na klinikali ofisa. Namba 116 ya watoto ni bure. Kisha pitia fomu zote 60, kila aliyejibu swali la tisa zaidi ya 0, mtu azungumze naye.

Kipepeo_Mweusi
Nafuta neno langu.

Mwana_wa_Langoni
Inaita, hapokei.

Mtu_wa_Shela
Maji yanajaa, Mkanda utapitika mpaka saa kumi. Shuka gatini, boti ipo. Petroli tutaongea baadaye.

Mwana_wa_Langoni
Kapokea. Anatafuta namba 41 ni nani. Nashuka.